Monita mbili za nje kwenye kompyuta mpakato moja: hesabu picha, usihesabu matundu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Moshi. Natumia ThinkPad T480 niliyoinunua mtumba, na nimepata monita mbili za inchi 24, nazo mtumba. Moja ina matundu ya HDMI na VGA, nyingine ina DisplayPort na VGA. Nilitaka mchoro ukae kwenye monita moja, makadirio ya vifaa kwenye ya pili, na barua pepe zibaki kwenye kompyuta yenyewe. Nikauziwa splita ya HDMI pamoja na adapta ya VGA, lakini monita zote mbili zinaonyesha kitu kilekile. Muuzaji anasema kompyuta yangu haina kadi ya grafiki, kwa hiyo ninunue nyingine. Je, ni kweli? Mwenzangu ofisini ana MacBook Air ya M1 naye anataka mpangilio kama huo. Na jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi ghafla, monita hizi hazitaungua?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na lile linalogusa mfuko wako: usinunue kompyuta nyingine. ThinkPad T480 ina uwezo wa kuendesha skrini tatu kwa wakati mmoja, yaani skrini yake yenyewe pamoja na monita mbili za nje, kila moja ikionyesha kitu chake, na kwa maelezo uliyonipa unachokosa ni waya mmoja tu wa kutoka USB-C kwenda DisplayPort. Aliyekuambia kwamba kompyuta yako haina kadi ya grafiki amesema nusu ya ukweli. T480 nyingi hazina kadi ya grafiki iliyojitenga, lakini prosesa yake ya Intel ina sehemu ya grafiki ndani yake, na hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona hata sasa unaposoma jibu hili. Kama isingekuwepo, hata skrini ya kompyuta yenyewe ingekuwa giza.

Tatizo lako limeanzia kwenye splita. Kifaa hicho hupokea picha moja kutoka tundu moja la HDMI na kuinakili kwenda kwenye matundu mawili au zaidi. Kimetengenezwa kwa ajili ya kumbi za mikutano, makanisa, na migahawa inayotaka mechi moja ionekane kwenye televisheni nne, na kwa kazi hiyo hakina kasoro. Ila kwa kazi yako hakifai kabisa, na sababu yake inaeleweka ukijua kinachotokea pale monita inapochomekwa. Kila monita hujitambulisha kwa kompyuta: huieleza idadi ya nukta (pikseli) zake, kasi inayoimudu, na hata jina la modeli yake. Kompyuta ikipokea utambulisho wa monita mbili, huandaa picha mbili. Splita hukaa katikati na kuifanya kompyuta isikie utambulisho mmoja tu, kwa hiyo picha inayoandaliwa ni moja, na hakuna mpangilio wowote ndani ya Windows utakaobadili jambo hilo hata ukikesha unabofya. Kwa kweli tundu moja la HDMI kwenye kompyuta hutoa picha moja, haijalishi umechomeka nini mbele yake.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe sasa hivi, kabla hujatoa hata shilingi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye eneo tupu la skrini, kisha ufungue mipangilio ya skrini. Utaona mistatili yenye namba, na kwa hali uliyonayo sasa itakuwa miwili tu, wa 1 na wa 2, ingawa mezani kwako zipo skrini tatu zinazowaka. Siku utakapounganisha sawasawa, mistatili itakuwa mitatu. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maneno yanayoandikwa kwenye maboksi ya adapta, na ningependa kila anayekwenda kununua vifaa hivi akibebe kichwani: hesabu mistatili kwenye mipangilio, usihesabu matundu kwenye kifaa.

Sasa igeuze kompyuta yako uitazame pembeni. Upande wa kulia lipo tundu la HDMI, ambalo umekwisha kulitumia. Upande wa kushoto, kuelekea nyuma, yapo matundu mawili ya USB-C yaliyokaa jirani, na mojawapo lina alama ya radi inayoashiria Thunderbolt 3, yaani njia ya kasi ya kupitisha picha na data kwa waya mmoja. Kwenye T480 matundu yote hayo mawili hupokea chaja na yote mawili hutoa picha, jambo ambalo halipatikani kwa kila kompyuta, na ndiyo maana nasema una bahati. Chomeka chaja kwenye mojawapo, na kwenye la pili chomeka waya wa USB-C kwenda DisplayPort unaoishia kwenye ile monita yako ya pili. Monita yenye HDMI iunganishe moja kwa moja na tundu la HDMI la kompyuta, bila splita na bila adapta yoyote. Hapo kila monita ina njia yake, na kompyuta inapokea utambulisho wa kila moja.

Ukienda dukani, taja mwelekeo wa waya kwa ukamilifu: "kutoka USB-C ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita." Narudia neno mwelekeo kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nyaya nyingi za kuunganisha DisplayPort na HDMI zinazouzwa kwa bei nafuu hufanya kazi upande mmoja tu, yaani DisplayPort ikiwa kwenye kompyuta na HDMI ikiwa kwenye monita. Mtu mwenye kompyuta ya HDMI akiununua waya huo apeleke picha kwenye monita ya DisplayPort, ncha zitaingia vizuri kabisa pande zote mbili na picha haitatokea. Kuitoa picha kwenye HDMI kwenda DisplayPort kunahitaji kifaa chenye chipu ya kubadilisha mawimbi, ambacho kwa kawaida huwa na kiwaya cha pembeni cha USB cha kukipa umeme. Hali ni hiyohiyo kwa waya wa USB-C: uliotengenezwa kutoa picha kwenye kompyuta si lazima uweze kuirudisha upande wa pili.

Zitazame pia ncha zenyewe kabla ya kuzichomeka. Ncha ya DisplayPort ina kona moja tu iliyokatwa, ilhali ya HDMI imebonyea pande zote mbili za chini, kwa hiyo haziingiliani ingawa kwa mbali zinafanana. Nyingi za DisplayPort zina kijiti cha kubonyeza juu yake kinachofungua ndoano mbili ndogo zilizoshika tundu. Ukitaka kuichomoa, bonyeza kwanza, ndipo uvute. Monita nyingi za mtumba zina matundu ya DisplayPort yaliyolegea au yaliyong'oka kabisa kwa sababu mtumiaji wa awali aliuvuta waya bila kubonyeza, na monita ya namna hiyo dukani itawashwa kwa VGA ionekane nzima. Ukinunua monita nyingine baadaye, nenda na kompyuta yako na nyaya zako, uijaribu kwa tundu lilelile utakalolitumia ofisini, na uiache iwake kwa muda, maana taa za nyuma zilizochoka huanza kupepesa zikishapata joto.

Wakati wa kuunganisha, nenda hatua kwa hatua. Anza na monita ya HDMI peke yake mpaka ionyeshe picha, ndipo uongeze ya DisplayPort. Ukiziunganisha zote kwa pamoja na moja ikagoma, hutajua kama kosa liko kwenye waya, kwenye tundu au kwenye mpangilio. Monita ikiandika kwamba haipati mawimbi, jambo la kwanza la kuangalia ni kitufe chake cha kuchagua chanzo cha picha, kwa sababu monita nyingi za zamani zikishazoea VGA hubaki zikisubiri VGA hata ukichomeka DisplayPort. Ikishaonekana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha uchague Extend, ambalo ni chaguo la tatu kwenye orodha; la pili, Duplicate, ndilo linalotoa picha ileile kwenye skrini zote. Picha ikipotea ghafla katikati ya kazi, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B: kompyuta itaiwasha upya draiva ya grafiki bila kufunga mchoro wako, na mara nyingi monita hurudi yenyewe.

Kwenye mipangilio ileile ya skrini, kamata mistatili kwa kipanya uipange kama monita zilivyokaa mezani. Watu wengi huliruka jambo hili, kisha hulalamika kwamba kipanya "kinakwama" ukingoni. Hakikwami; ni kwamba Windows inadhani monita ya pili iko kulia wakati wewe umeiweka kushoto, au inadhani iko juu zaidi, hivyo sehemu ya ukingo haina mlango wa kupitia. Panga kingo za juu zilingane, na iweke ile yenye mchoro kuwa skrini kuu. Kisha angalia ukubwa wa maandishi. Skrini ya T480 ni ya inchi 14 na monita zako ni za inchi 24, na kama zote zina nukta 1920 kwa 1080, maandishi yaleyale yataonekana madogo kwenye kompyuta na makubwa kwenye monita. Windows huruhusu kila skrini iwe na kipimo chake, kwa hiyo iweke ya kompyuta asilimia 125 au 150 na monita ziache asilimia 100, ili dirisha likihamishwa lisikubadilikie sana machoni. Kwa mchoraji kama wewe, monita ya mchoro ikae mbele kabisa ya uso, ukingo wake wa juu ukiwa karibu na usawa wa macho, na ya makadirio iinamishwe kidogo pembeni. Shingo inayogeuka upande mmoja kutwa nzima hulipa gharama yake baada ya miezi.

Kuhusu VGA, usiitupe kabisa lakini usiipe mchoro. Ukikosa waya wa DisplayPort kwa sasa, adapta ya USB-C kwenda VGA itakupa picha ya tatu inayojitegemea, nawe utafanya kazi. Hata hivyo VGA husafirisha picha kama mawimbi ya analogia, na monita hulazimika kukisia upya mahali pa kila nukta. Kwenye jedwali la makadirio hutaona tofauti kubwa, lakini mstari mwembamba wa ukuta au wa vipimo utaonekana umefifia au una kivuli pembeni yake. Kama ni lazima, weka mpangilio kwenye nukta 1920 kwa 1080 kamili, kisha tumia chaguo la kujirekebisha lenyewe lililomo kwenye menyu ya monita.

Kuna jambo moja linaloihusu modeli yako mahsusi. Lenovo ilitoa sasisho muhimu la programu dhibiti (firmware, programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe) ya Thunderbolt kwa ThinkPad za kipindi hicho, T480 ikiwemo, baada ya kubainika kwamba toleo la awali lingeweza kuyafanya matundu ya USB-C yapoteze baadhi ya kazi zake, kutoa picha ikiwa miongoni mwake. Kompyuta za mtumba mara nyingi huja bila sasisho hilo. Lipakue kwenye tovuti ya Lenovo yenyewe kwa kutumia modeli ya kompyuta yako, na ulifanye chaja ikiwa imechomekwa na betri ikiwa imejaa, kwa sababu programu dhibiti ikikatishwa katikati inaweza kuliacha tundu likiwa halifai. T480 ina betri ya ndani, na nyingi zina ya pili ya kuchomoa, kwa hiyo ukiwa na betri nzima kukatika kwa umeme hakutakudhuru kwenye hatua hiyo.

Wasomaji wengine watakaosoma jibu hili wana kompyuta tofauti, nami nisingependa wakimbilie kununua waya wa USB-C kwa sababu tu mimi nimeusifia. USB-C ni umbo la tundu; haisemi ndani yake kunapita nini. Zipo kompyuta nyingi, hasa za bei ya chini, ambazo tundu lake la USB-C hupitisha data pekee na halitoi picha hata ukichomeka waya wa bei gani. Tafuta alama kando ya tundu: radi ya Thunderbolt, au herufi D yenye P ndani yake ambayo ni alama ya DisplayPort. Pasipo alama, soma maelezo rasmi ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji, maana baadhi hutoa picha bila kuandika alama. Kisha angalia kizazi cha prosesa. Grafiki ya ndani ya Intel ya kizazi cha pili huendesha skrini mbili tu. Kuanzia kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2012, huendesha tatu. Na kuanzia kizazi cha kumi na moja, kilichotoka mwaka 2020, huendesha nne kwenye kompyuta mpakato. Kumbuka kwamba skrini ya kompyuta yenyewe imo katika hesabu hiyo. Mwenye kompyuta ya zamani yenye uwezo wa skrini mbili anayetaka monita mbili za nje hulazimika kuizima ile ya kompyuta.

Utasikia pia habari za habu na doki, yaani vifaa vya kuchomeka kwenye tundu moja la kompyuta ili kupata matundu mengi, zenye matundu mawili ya HDMI, na hapa inabidi nitulie kidogo, kwa sababu vifaa vinavyofanana kabisa kwa nje hutumia njia mbili zisizofanana hata kidogo. Njia ya kwanza huitwa MST, iliyoletwa na DisplayPort 1.2 mwaka 2010, ambayo hufungasha picha kadhaa ndani ya waya mmoja kisha habu ikazitenganisha. Kwenye Windows inafanya kazi vizuri, na picha hutoka kwenye grafiki ya kompyuta bila kuichosha prosesa. Kikomo chake ni nafasi ndani ya waya. USB-C ina njia nne za kasi, na habu inayotaka kupitisha picha pamoja na data ya USB 3 huzigawa: mbili kwa picha, mbili kwa data. Ni kama maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanayogawiwa mashamba mawili: shamba la picha hupata nusu, hata kama wewe wa data humwagilii chochote siku hiyo. Kwa DisplayPort 1.2 nusu hiyo ni gigabiti 8.64 kwa sekunde. Monita ya nukta 1920 kwa 1080 kwenye Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inahitaji takriban gigabiti 3.6, kwa hiyo mbili zinaenea. Monita za nukta 2560 kwa 1440 zinahitaji karibu gigabiti 6 kila moja, nazo mbili hazitaenea. Moja itashuka kiwango au itabaki nyeusi, na mnunuzi atadhani habu ni mbovu. Doki za Thunderbolt hazibanwi namna hiyo: Thunderbolt 3 hubeba hadi gigabiti 40 kwa sekunde na inaweza kulisha monita mbili za 4K (nukta 3840 kwa 2160) kwenye Hz 60, ila bei yake ni ya juu sana na kwa monita zako sioni sababu ya kuitoa fedha hiyo.

Njia ya pili hutumia chipu za DisplayLink. Hapa tundu la kompyuta si lazima liwe na uwezo wa kutoa picha. Hata tundu la kawaida la USB 3 linatosha. Programu unayoisakinisha huichukua picha, huikandamiza kwa nguvu ya prosesa, huituma kama data, na chipu iliyomo kwenye doki huifungua upya na kuipeleka kwenye monita. Kwa nyaraka, majedwali na michoro iliyotulia ni njia nzuri. Kwa video nzito, michezo, au jengo la pande tatu unalolizungusha kwa kasi, utaona picha ikichelewa nyuma ya mkono wako na feni ya kompyuta ikiongeza sauti. Ukiona kwenye boksi imeandikwa kwamba lazima usakinishe draiva ya DisplayLink, umeshajua ni ya aina gani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua jambo la mwenzako. MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, ina matundu mawili ya USB-C, yote ya Thunderbolt, lakini chipu ya M1 inaendesha monita moja tu ya nje. Matundu mawili yasimdanganye. Kikomo kimo ndani ya chipu, hivyo doki ya Thunderbolt ya bei kubwa kuliko zote haitamwongezea kitu. Habu ya MST nayo haitamsaidia, kwa sababu mfumo wa macOS haupanui picha kwa njia hiyo: monita zote mbili zitaonyesha picha moja, nawe utamwona akirudi palepale ulipokuwa wewe na splita. Ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuridhika na monita moja, lakini iwe pana. Ya inchi 34 yenye nukta 3440 kwa 1440 kompyuta huiona kuwa moja, na madirisha mawili makubwa hukaa humo bila kubanana. Ya pili ni doki au adapta ya DisplayLink pamoja na programu yake iitwayo DisplayLink Manager. Programu hiyo itaomba ruhusa ya kurekodi skrini, na watu wengi huikataa kwa hofu, kisha monita hubaki giza. Ruhusa hiyo inahitajika kwa sababu programu haiwezi kutuma picha isiyoruhusiwa kuisoma. Ajue pia kwamba filamu za kulipia zenye ulinzi wa hakimiliki huenda zikakataa kuonekana wakati programu hiyo ikifanya kazi.

Kama anafikiria kubadilisha kompyuta, achague kwa makini, kwani jina la MacBook Air halitoshi. Ya M2 bado ni monita moja. Ya M3, iliyotoka mwaka 2024, inakubali mbili ikiwa kifuniko kimefungwa, maana yake anapoteza skrini ya kompyuta na atahitaji kibodi na kipanya vya nje. Ya M4, iliyotoka mwaka 2025, inakubali mbili kifuniko kikiwa wazi. MacBook Pro yenye M1 Pro nayo huendesha mbili, na kwa mnunuzi wa mtumba hiyo inaweza kuwa na nafuu zaidi. Mtu asisafiri kutoka Moshi kwenda madukani Arusha kabla hajajua ni chipu ipi hasa anayoiendea, kwa sababu kwa nje kompyuta hizi hutofautiana kidogo sana.

Nimeacha umeme mwisho kwa makusudi, maana ndio unaoharibu vifaa vingi kuliko makosa ya nyaya. Geuza kila monita usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100 hadi 240 V, 50/60 Hz, monita hiyo inafaa kwa umeme wetu wa 230 V hata kama ilitoka Marekani. Monita zenye chaja ya nje ni suala jingine: baadhi hutumia 19 V, nyingine 14 V, na ncha zake zinaweza kuingiliana, kwa hiyo kamwe usiazime chaja ya monita moja kuijaribu nyingine bila kulinganisha namba zote mbili, za volti na za ampia.

Plagi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Monita nyingi za mtumba huja na plagi ya pini mbili za duara au bapa za ugenini, na desturi iliyozoeleka ni kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili lifunguke, kisha pini mbili zikasukumwa kwa nguvu. Picha itawaka, lakini monita imekosa waya wa ardhi. Ukigusa fremu ya chuma ukahisi mkono unatekenywa, huo ni umeme unaotafuta njia ya kutokea, na siku utakayochomeka HDMI monita ikiwa imewashwa, njia hiyo inaweza kuwa tundu la kompyuta yako. Tafuta waya wa pini tatu wa kompyuta ya mezani, ambao upo karibu kila duka na huingia kwenye monita nyingi zisizo na chaja ya nje, na umwombe fundi umeme athibitishe kwamba soketi ya ofisi ina waya wa ardhi uliounganishwa kweli, kwa kuwa soketi ya matundu matatu peke yake haithibitishi hilo.

Umeme ukikatika, kompyuta yako itaendelea kwa betri, monita zitazimika, na madirisha yote yatarukia skrini ya kompyuta. Hakuna kilichopotea, kwenye Windows 11 upo mpangilio wa kukumbuka mahali pa madirisha monita zinaporudi, hakikisha umewashwa. Hatari iko kwenye dakika ya kurudi, umeme unapokuja na msukumo wa juu. Monita mbili za LED za inchi 24 kwa kawaida hutumia takriban wati 20 hadi 25 kila moja, na chaja ya kompyuta ikiwa ya wati 65, jumla haifiki wati 120, kwa hiyo UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) ya VA 650 inazibeba zote na kukupa muda wa kuhifadhi kazi. Printa ya leza usiichomeke humo, kwani inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na itaiangusha UPS. Usipokuwa na UPS, zima soketi mara tu umeme unapokatika na usiiwashe mpaka taa zitulie. Wakati wa masika, radi zinapopiga, chomoa plagi zote pamoja na waya wa intaneti, kwa sababu msukumo huingia pia kwa njia hiyo. Na unapounganisha monita upya, chomeka kwanza nyaya za picha zote, kisha umeme wa monita, ndipo uchomeke chaja ya kompyuta.